Kimya cha Admirali Mghoi

1

"Hitilafu yenyewe ni hii, Afande," alisema Mhandisi Tirop, akaigusa meza kwa kidole.

Kutoka kwenye dari la chumba cha usukani ikatoka sauti ya Admirali Mghoi Mwakio. "Vuria, jiandae kugeuka." Admirali Mghoi mwenyewe alikuwa ameketi chini ya dari hilo hilo, mdomo umejaa kiazi kitamu, akijisikiliza.

Baada ya maneno hayo sauti ilinyamaza. Serahangi Shee, mkuu wa mabaharia wa sitaha, alipata nafasi ya kujimiminia chai, kuipuliza na kuonja funda la kwanza. Ndipo sauti ikasema, "Geuka kushoto," na manowari nzima, bila mkono wa mtu kugusa usukani, ikaanza kuinamia kushoto taratibu.

"Umesikia?" Tirop alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri. "Amri nyepesi, kama kuwasha taa, huyu Kaimu wako wa mashine anatoa papo hapo. Lakini ikifika amri nzito, ya kugeuza meli au kufyatua silaha, anakaa kimya kwanza. Nimemfungua mwezi mzima nikitafuta anapiga hesabu gani humo ndani. Hapigi hesabu yoyote. Hesabu ameshamaliza. Anakaa tu."

Serahangi Shee alicheka hadi chai ikamwagikia kisahani. "Mwanangu, umesoma mpaka ukapitiliza. Hiyo si hitilafu. Hiyo ni sala."

"Sala?"

"Muulize mwenyewe. Nimesafiri naye tangu masharubu yangu yakiwa meusi. Sisi tukiswali mtaa mzima unajua, kuna adhana. Hawa Wataita wa Anglikana husali kama mtu anayejaribu kukumbuka ameweka wapi funguo."

Admirali alimeza kiazi, akajifuta midomo. "Na wewe, Shee, siku utakayokaa kimya hata kidogo, mabaharia watavaa maboya wakidhani meli inazama."

Lakini alijua kwamba Serahangi amesema kweli. Baba yake alikuwa katekista kule Wundanyi, juu milimani, mahali ambapo bahari huonekana kama uzi siku ambazo hakuna ukungu. Watu walimcheka alipoondoka kwenda kuwa mwanamaji. Walimwambia mbuzi wa mlimani hafugwi kisiwani. Alipopewa meli yake ya kwanza, akiwa na luteni wachache na hofu nyingi, alijiwekea desturi: kabla ya kila amri nzito aliweka kofia kwapani, akamwomba Mungu amwonyeshe njia, akasubiri. Hakuwahi kumweleza mtu. Mabaharia walijifunza wenyewe kwamba hapo mama anasali, wakawa wanangoja.

Na bangili yake ilisikiliza yote. Kila ofisa huvishwa bangili siku ya kiapo, na haivuliwi hadi siku ya kustaafu. Inahifadhi sauti yake, mapigo ya moyo wake, amri alizotoa na zile alizokaribia kutoa. Wahandisi huyachukua maisha hayo yote ya kazi na kuyageuza kuwa akili inayojitegemea, iwezayo kuongoza meli namna ambavyo ofisa yule angeiongoza. Akili hiyo huitwa Kaimu. Makaimu wa maofisa wengine walikwisha kupewa boti ndogo za doria. Kaimu wa Admirali Mghoi angekuwa wa kwanza kukabidhiwa kikosi kizima, manowari zote za Shirikisho la Pwani, bila nahodha wala baharia ndani. Siku ya Ijumaa, mbele ya Waziri, Admirali angeweka kiganja chake kwenye bamba la makabidhiano, na mambo yangekwisha.

Alilitamani jambo hilo kuliko alivyowahi kukiri. Hakujaliwa mtoto. Ijumaa ikipita angerudi Wundanyi kulima kabeji, lakini Kaimu angebaki baharini, akitoa amri kwa sauti yake, hata baada ya yeye mwenyewe kuzikwa.

"Kaimu," aliita.

"Nakusikia, Afande."

"Ukinyamaza vile, unafanya nini?"

"Nasubiri."

"Unamsubiri nani?"

"Sijui, Afande. Katika kumbukumbu zako zote, hapo huwa unasubiri. Kwa hiyo nami nasubiri. Halafu naendelea."

Tirop aliangalia viatu vyake.

Admirali Mghoi alisukuma sahani ya kiazi kando. Kitu kisicho na magoti ya kupiga kilikuwa kikifanya mfano wa sala yake, bila kujua kinamwendea nani. Alimkumbuka baba yake akiwaambia watoto wa darasa la kipaimara kwamba afadhali kutosali kuliko kuigiza sala, kwa sababu asiyesali anajua ana deni, na anayeigiza anadhani ameshalipa.

"Mhandisi," alisema, "kiondoe."

"Kimya chote, Afande?"

"Chote. Mashine ipige hesabu zake na ifanye kazi yake. Sala si ya kuigwa."

Tirop alifurahi waziwazi, maana Wizara ilikuwa imemsumbua sana kuhusu ucheleweshaji ule. Serahangi ndiye aliyekuna kidevu. "Mimi nisingekigusa, Afande."

"Kwa nini?"

"Sijui. Nimekizoea."

"Hiyo si sababu, Shee."

"Si sababu," alikubali Serahangi, akamalizia chai yake.

2

Jaribio la mwisho lilifanyika asubuhi ya Jumatano, bahari imetulia na jua halijawa kali. Sheria yake ilikuwa fupi. Kaimu ndiye anayeongoza Manowari Vuria. Watu waliomo ni wageni. Admirali akiona hatari, anaruhusiwa kuweka kiganja kwenye bamba jekundu lililo kando ya usukani, na amri yote itamrudia. Lakini akifanya hivyo, jaribio limeshindwa, na hakutakuwa na jingine. Wizara ilikuwa imesema wazi kwamba Kaimu asiyeaminiwa na mwenyewe haaminiwi na mtu mwingine.

Nyuma ya usukani alisimama Kamanda Saumu Dzombo, nahodha wa Vuria, mwanamke mrefu wa Kwale mwenye mikono mikubwa. Tangu Kaimu aanze kazi, mikono hiyo haikuwa na la kufanya. Aliifunga mgongoni na kuutazama usukani ukizunguka peke yake. Tangu Jumatatu hakusema neno lisilo la lazima. Serahangi alimtania kwamba anafanana na dereva aliyealikwa harusini na gari lake likapewa mwingine aendeshe.

Mbele yao, kwenye maji ya kina kirefu, ulielea Mji wa Maboya. Ulikuwa mji wa watu ambao bahari ilimeza vijiji vyao, nao wakaamua kuhamia juu yake. Nyumba zake za rangi rangi zilikaa juu ya majukwaa makubwa, na pembeni kabisa, kama mlinzi aliyesimama mlangoni, palikuwa na mtambo wa kuchuja maji ya chumvi. Mji wote ulikunywa kutoka humo. Mafundi walikuwa zamu mchana na usiku.

"Chombo upande wa kulia," alisema Kaimu. "Meli ya mizigo, inajiendesha yenyewe, imebeba saruji. Haifuati njia yake. Inaelekea mtambo wa maji."

Picha ilijaa kwenye kioo. Ilikuwa meli pana, nzito, mwendo wa kobe, lakini kobe wa tani nyingi. Iliukata mkondo moja kwa moja kana kwamba mtambo ule haupo.

"Nimeiita," aliendelea Kaimu. "Haijibu. Kamera zake zote zimezimika. Usajili unasema haina mtu. Sioni joto la mwili wa binadamu. Ikigonga mtambo, mafundi watakufa na mji utakosa maji. Ikizamishwa hapa ilipo, itashuka chini bila kudhuru kitu. Saruji haichafui maji kama mafuta." Na pale pale, bila pumzi, bila nukta, ikafuata ile sauti iliyojulikana kikosi kizima. "Torpedo ya kwanza. Jaza bomba. Fyatua likijaa."

Chini ya miguu yao maji yalianza kunguruma, yakiingia kwenye bomba la torpedo.

Serahangi alibaki mdomo wazi. Alikuwa ameinua mkono kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza swali darasani na mwalimu ameshatoka.

Tirop, ambaye macho yake yalikuwa kwenye kioo, aliikuza picha. "Ngoja. Ile meli ina bendera nyingi za nini?"

Kweli, kwenye kila mlingoti na kila nguzo ya meli ile palikuwa na kitambaa, chekundu, cheusi, cha manjano, vikipepea kwa upepo mdogo.

"Meli mbovu, labda za onyo," alisema Serahangi.

Tirop aliikuza tena. Midomo yake ikawa inasoma. "'Mtasema sana... mtalala.' Serahangi, bendera gani imeandikwa hivyo?"

"Leso," alisema Serahangi taratibu. "Hizo ni leso, kanga za akina mama."

"Hakuna meli tupu inayojifunga leso," alisema Tirop, akageukia dari. "Kaimu, simamisha. Mle ndani kuna watu."

"Amri imeshatolewa, Mhandisi."

"Ifute."

"Siwezi. Katika maisha yote ya kazi ya Admirali Mghoi, hakuna amri nzito iliyotolewa kisha ikafutwa. Si tabia yake. Bomba linakaribia kujaa."

Admirali Mghoi alielewa mara moja. Ilikuwa kweli. Hakuwahi kufuta amri iliyokwisha kutoka mdomoni mwake. Lakini amri ngapi alizifuta kabla hazijatoka? Kila mara alisimama na kofia kwapani, akimngoja Mungu, na katika kungoja kule Shee alikuwa akikohoa na kusema, "Afande, samahani, lakini upepo." Au mpishi alikuwa akiingia na habari. Au luteni mwoga, ambaye asingethubutu kamwe kukatiza amri, alithubutu kukatiza kimya. Alidhani mashine imeiga sala yake. Kumbe ilikuwa imeacha mlango wazi kama yeye alivyouacha maisha yake yote, na yeye mwenyewe, kwa heshima ya Mungu, ndiye aliyeamuru ufungwe.

Bamba jekundu lilikuwa hatua moja mbele yake. Juu yake aliona miaka yote ya Kaimu, sauti ile ikibaki baharini. Aliona pia shamba la kabeji.

Aliweka kiganja.

Mngurumo wa maji ulikoma. Taa ya dari iligeuka kutoka bluu kuwa nyeupe. "Amri imerudi kwako, Afande," alisema Kaimu, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kinyongo. "Jaribio limeshindwa."

"Nimesikia," alisema Admirali. Alivua kofia, akaiweka kwapani. Meli ya saruji ilizidi kusogea. Akafumba macho, na chumba chote kikawa kimya.

Kimya hakikudumu.

"Afande," Serahangi alisema, "nipe kipaza sauti. Wale wa leso hawana mitambo ya kuitwa na Kaimu, lakini masikio wanayo."

Admirali aliinua kidole kukubali, macho bado yamefumba. Serahangi alitoka hadi ubavuni mwa meli, na sauti yake iliyozoea kushinda dhoruba ikapiga juu ya maji. "Nyie wa meli ya saruji. Kuna nani huko?"

Turubai kubwa la rangi ya fedha lilifunuka kidogo. Kumbe ndilo lililoficha joto la miili yao. Kichwa cha mwanamke mtu mzima, kimepakwa hina hadi masikioni, kikachomoza, na mkono ukashika kipaza sauti cha zamani cha wauza samaki.

"Kuna Bi Mishi na wenzake," kilijibu kipaza sauti. "Na nyie wa jeshi mbona mnatutolea macho? Hamna dada?"

"Mama, mnaenda kugonga mtambo wa maji."

"Tunagonga vipi na meli inajiendesha? Tunapanda kila wiki. Sisi ni wakulima wa mwani, tuna harusi Mji wa Maboya, tunampeleka bibi harusi."

"Meli yenu haijiendeshi leo, mama. Mmeifanya nini?"

Bi Mishi alitazama nyuma yake. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Hatujaifanya kitu. Tumeisitiri tu. Bibi harusi anapakwa singo ya kusugua mwili, yuko kama alivyozaliwa. Tungemwacha avuliwe nguo mbele ya macho ya mashine? Kila jicho tumelifunga leso. Na kile kidude kinachozunguka juu, nacho tumekifunga, maana kilikuwa kinaangalia."

Ndani ya chumba cha usukani Tirop alijishika kichwa.

"Afande, naomba ruhusa kusema," alisema Kaimu.

Admirali alifumbua macho. Hakuwahi kusikia sauti yake mwenyewe ikiomba ruhusa. "Sema."

"Meli ile si mbovu. Imefungwa macho na masikio, ndiyo maana haikunijibu. Ikifunguliwa itauona mtambo na kusimama yenyewe, ila ni nzito. Inahitaji nafasi kubwa zaidi ya iliyobaki. Wakizitoa leso sasa hivi, bado itagusa ukingo wa mtambo."

"Basi tuipe nafasi," alisema mtu mwingine.

Wote waligeuka. Kamanda Dzombo alikuwa ametoa mikono mgongoni. "Tuingie katikati, Afande. Tuweke ubavu wetu kwenye ubavu wake, tuusukume uso wake upande wa wazi. Taratibu, kama unavyomwondoa ng'ombe mlangoni, humpigi, unamwegemea. Vuria itakwaruzika. Lakini itaweza."

"Itaweza," alisema Kaimu. "Nimepiga hesabu sasa hivi. Itaweza kidogo tu, na si kwa kuendeshwa na mimi. Mimi sijui kumwegemea ng'ombe."

Admirali Mghoi alivaa kofia. "Serahangi, mwambie Bi Mishi amvishe bibi harusi na afungue macho yote. Kamanda, usukani ni wako. Egemea."

3

Mkwaruzo ulisikika hadi kwenye meno. Rangi ya kijivu ya Vuria ilibanduka ubavu mzima, na makombo yake yakaanguka baharini kama ganda la yai. Dzombo hakupepesa jicho. Alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili na kuuongoza kwa vidole, akisikiliza meli ile nyingine kupitia nyayo zake, huku Kaimu akimsomea umbali kwa sauti ya chini. Kule juu ya meli ya saruji wanawake walikuwa wakipanda nguzo na kuvua leso, wakizitupa chini kwa wenzao, wakilaumiana nani aliyekaza fundo.

"La mwisho limekataa," ilisikika sauti ya Bi Mishi.

"Kata," Serahangi alimwambia.

"Nikate leso mpya?"

"Mama, nitakununulia doti mbili."

"Tatu, na mashahidi ni jeshi zima."

Leso ya mwisho iliruka kwa upepo. Kidude cha juu kikazunguka, kikasita, na meli ya saruji, kama mtu aliyeamshwa ghafla akajikuta anakaribia kuanguka kutoka kitandani, ikatetemeka mwili mzima na kuanza kurudi nyuma. Mawimbi yake yalipiga nguzo za mtambo wa maji, yakawalowesha mafundi waliokuwa wamejipanga kwenye ukingo na mikono kichwani. Halafu kila kitu kikasimama.

Vigelegele vilianza upande wa wanawake. Serahangi naye alijaribu kupiga, akashindwa, akaambiwa na Bi Mishi aache kuharibu sherehe.

Simu ya Waziri ilifika kabla vigelegele havijaisha. Alikuwa amefuatilia yote akiwa ofisini. Alimshukuru Mungu kwanza, jambo ambalo Admirali alilipenda, kisha akaingia kwenye shida yake. "Admirali, umeweka kiganja kwenye bamba jekundu. Kanuni inasema Kaimu ameanguka. Lakini naweza kuzungumza na wenzangu. Kosa limeonekana, ni kile kimya mlichokitoa. Mhandisi akirudishe, nasi Ijumaa tuendelee kama tulivyopanga."

Tirop alimtazama Admirali kwa matumaini. Hata Serahangi aliyekuwa akiingia akikamua maji kwenye shati alisimama kumsikiliza. Mlango uliofungwa ulikuwa umefunguka tena. Sauti yake ingeweza kubaki baharini.

"Mheshimiwa," alisema Admirali Mghoi, "ukikirudisha kimya kile katika meli isiyo na watu, nani atasema?"

"Sijakuelewa."

"Leo nimefumba macho nikimngoja Mungu. Aliyezungumza kwanza ni Serahangi wangu. Akafuata mama mmoja mwenye hina masikioni. Akafuata Kaimu mwenyewe, akafuata Kamanda Dzombo, ambaye hajafungua mdomo tangu Jumatatu. Na kabla ya hapo ni huyu Mhandisi aliyesoma leso. Nikiwatoa hao, Kaimu atanyamaza ndani ya meli tupu, atasikia injini, kisha atafyatua. Kimya hicho ni saa iliyosimama, Mheshimiwa. Haina faida kwa mtu."

"Kwa hiyo unasema nini?"

"Ijumaa sitaweka kiganja. Manowari zibaki na watu. Kaimu akae katika kila moja, apige hesabu, aseme anachokiona kama baharia mwingine yeyote. Lakini amri itoke kwa mtu anayeweza kukatizwa."

"Na kikosi tumpe nani?" aliuliza Waziri. " Tumetumia miaka mingi kukuandaa wewe ubaki. Hatukumwandaa mwingine."

"Mpe Kamanda Dzombo."

Dzombo, aliyekuwa bado ameshika usukani, aligeuka kama aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine.

"Dzombo hana hata robo ya kumbukumbu zako," alisema Waziri. "Atakosea."

"Atakosea, na watamwambia. Mimi nimeambiwa tangu nikiwa luteni, ndiyo sababu mnadhani sikukosea."

Waziri alisema atafikiri. Baadaye alipiga tena na kusema wamekubali kwa mwaka mmoja wa kujaribu, na kwamba Admirali amempa kazi ya kuwaeleza wenzake jambo gumu sana. Admirali alimwambia atamwombea. Waziri akasema afanye hivyo kwa dhati.

Tirop alipokuwa akikusanya vifaa vyake, alisita. "Afande, nimekiona kila kitu ndani ya Kaimu. Nimehesabu hata pumzi zako. Sikuwahi kuwahesabu waliokuwa wanazungumza."

"Bangili ilikuwa mkononi mwangu, mwanangu. Hata mimi sikuwahesabu."

Kaimu aliita kutoka darini. "Afande. Swali."

"Uliza."

"Nilikuwa nasubiri bila kujua nasubiri nini. Sasa najua nilikuwa nawasubiri hawa. Na wewe, ulikuwa unawasubiri hawa pia?"

Admirali Mghoi alifikiri kwa uaminifu, maana hakutaka kuwadanganya wala mashine wala Mungu. "Mimi nilikuwa namsubiri Yeye. Bado namsubiri. Ila naona mara nyingi hujibu kwa koo la mtu wa kelele kama Shee, nami nilikuwa nikidhani Shee ananikatiza."

"Miaka yote hiyo," alisema Serahangi, "nimekuwa nabii bila mshahara wa nabii."

"Unalipwa doti tatu za leso. Tena unalipa wewe."

Bi Mishi hakukubali waondoke bila kula. Wanawake wake walivusha sinia kwa kamba, mkate wa sinia mnene wenye zabibu juu, na ujumbe kwamba bibi harusi ameshavaa na anaomba jeshi limsindikize hadi gatini, kwa kuwa limeshamkosesha singo ya mguu wa kushoto. Dzombo alimtazama Admirali, kama alivyozoea, ili apewe amri.

Admirali alichukua sinia. "Mimi nashuka kula," alisema, akateremka ngazi hadi chumba cha chakula cha mabaharia.

Hakuwahi kuwa huko chini meli ikiwa inaondoka. Kulikuwa na joto, na meza iligonga gonga taratibu kwa mtikisiko wa injini. Alikata kipande cha kwanza. Alijua sehemu hii ya bahari kama ua wa nyumbani. Kuingia Mji wa Maboya saa hizi, kwa mkondo huu, mtu anapita kushoto mwa mtambo wa maji. Yeye amepita kushoto kila mara.

Kipaza sauti cha ukutani kilikwaruza. "Vuria, jiandae kugeuka," ilisema sauti ya Saumu Dzombo.

Kisha kimya. Kupitia kipaza sauti kile Admirali alimsikia Serahangi akikohoa na kusema neno, Kaimu akisema jingine, mtu wa tatu akipinga, na Serahangi akimjibu kwa mzaha.

"Kulia," alisema Dzombo. "Geuka kulia."

Sakafu iliinama upande ambao Admirali Mghoi hakuutarajia. Alishika sinia isiteleze, akaendelea kula.